Ziara Sita za Karanga: Tathmini ya Mbwa wa Faraja kwa Wahudumu wa Afya Dodoma

Katika mitaa ya Dodoma, mbwa na bwana afya hawajawahi kuelewana. Mimi ni bwana afya kwa kazi, na kwa miaka kumi na moja nimeingia katika nyua za watu kukagua vyoo, mashimo ya taka na visima, nikipokewa mara nyingi na kibao chenye maandishi mekundu ya "MBWA MKALI" kabla sijapokewa na mwenye nyumba. Mwaka 2019 mmoja wa mbwa hao alining'ata shavu la mguu wa kushoto, upande wa Nkuhungu, na mwezi uliofuata niliumaliza nikihesabu sindano: siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Ninalitaja hili mapema ili msomaji ajue tathmini hii inatoka kwa mtu wa namna gani, kwa sababu huduma ninayoipitia hapa ni ya mbwa anayeletwa kazini ili wahudumu wa afya wamshike, wakae naye na wapumue.

Mbwa mwenyewe anaitwa Karanga. Ni chotara wa mbwa wa kienyeji na labrado, ana umri wa miaka sita, uzito wake ni kilo 24, na rangi yake ni ile ya ganda la karanga lililokaukia juani. Mwenye mbwa ni daktari wa mifugo mstaafu, mama mtu mzima ambaye watumishi wa kituo chetu walianza kumwita Mama Karanga bila hata kumwomba ruhusa. Mwanzoni jina hilo lilimkera, kwa kuwa ana watoto wanne wa kuwazaa na hakuna hata mmoja ambaye mjini anajulikana kwa jina lake, lakini siku hizi anaitikia. Hufuatana na mshauri nasaha kijana, na wawili hao wameniomba nisitaje jina la huduma yao mpaka wapate mbwa wa pili, kwa sababu maombi yaliyopo yamekwisha kumzidi huyu mmoja. Kituo chetu nacho nitakiacha bila jina. Inatosha kusema kwamba kipo ndani ya Jiji la Dodoma, kina watumishi wapatao sitini, na kilipokea ziara tano kamili kati ya Juni na Novemba. Ya sita nitaieleza mwishoni.

Bei ni shilingi 120,000 kwa ziara ya dakika tisini, pamoja na usafiri ndani ya jiji. Tulilipa kwa mchango wa shilingi elfu mbili kwa kila mtumishi, jambo lililozua mjadala mrefu kuliko nilivyotarajia, kwani wapo waliosema kwamba fedha za kuchangia mbwa wangezitoa kwa moyo mweupe zaidi kama zingenunua soda na sambusa za wote. Mwingine, mcheshi wetu wa idara ya kumbukumbu, alisoma tangazo la ziara, akakuta maneno "afya ya akili", akauliza kama basi la kwenda Mirembe litakuja siku hiyo hiyo au siku inayofuata. Watu walicheka. Hospitali ya Mirembe imehudumia wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, na kwa wakazi wa Dodoma jina lake limekuwa mzaha wa kila siku kiasi kwamba mtumishi wa afya mwenyewe huona haya kusema hadharani kwamba amechoka. Nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mbwa kufanikiwa pale ambapo semina mbili za msongo wa mawazo zilishindwa: kwenda kumwona mbwa hakuhitaji kukiri lolote.

Kabla sijaendelea, ni vyema kutofautisha mambo, kwa sababu hata viongozi wetu waliyachanganya. Mbwa wa faraja si mbwa wa polisi anayenusa dawa za kulevya, wala si mbwa mwongozo anayemsaidia asiyeona kuvuka barabara. Kazi yake ni kukaa. Amefundishwa kutoruka juu ya watu, kutolamba, kutoshtushwa na kelele ya beseni linaloanguka, na kuacha chakula kilicho sakafuni anapoambiwa aache. Wazo lenyewe lina umri. Florence Nightingale aliandika katika karne ya 19 kwamba mnyama mdogo wa kufugwa mara nyingi huwa mwenzi mzuri wa mgonjwa, hasa mwenye maradhi ya muda mrefu, na mwaka 1976 muuguzi wa Marekani aitwaye Elaine Smith alianzisha chama cha kuwafunza na kuwasajili mbwa wa namna hii. Kwa muda mrefu mlengwa alikuwa mgonjwa. Ni wakati wa UVIKO-19 ndipo watu wengi walipoanza kumtazama aliyevaa sare: katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Maryland, mbwa aina ya Rottweiler aitwaye Loki alipigwa picha akiwa amevaa koti jeupe kama daktari, akawatembelea wahudumu kwa njia ya video, na mwenye mbwa huyo akakusanya vifurushi vya mafuta na losheni kwa ajili ya ngozi zilizochubuliwa na barakoa.

Msomaji anayeona mambo haya ni ya Wazungu peke yao asisahau kwamba hapa kwetu, umbali wa saa chache kwa barabara, Morogoro wamewazoea panya wanaofanya kazi ya afya. Shirika la APOPO, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huwafunza panya buku kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu, na panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtaalamu mwenye darubini angeweza kuifanya kwa siku nne. Mwenzao Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kunusa na kugundua mabomu ya ardhini nchini Cambodia. Ninawataja kwa sababu mtumishi wa maabara yetu alinibana nao: panya, alisema, kazi yake inahesabika, huyu mbwa wenu tutamhesabia nini? Swali hilo ni la haki, na nitalirudia.

Ziara ya kwanza ilipangwa saa moja na nusu asubuhi, wakati wa makabidhiano ya zamu, na uchaguzi huo wa saa ulikuwa wa busara. Waliotoka zamu ya usiku wangemkuta Karanga kabla ya kwenda nyumbani na walioingia wangemwona kabla foleni ya wagonjwa wa nje haijajaa. Alifika kwa gari dogo lenye vumbi, akashuka, akajikung'uta mara moja, akatembea kwa kamba fupi mpaka kwenye chumba cha mikutano ambako viti vilikuwa vimesogezwa ukutani na mkeka umetandikwa katikati. Akalala juu ya mkeka. Hakuna aliyemfuata. Kwa dakika saba au nane tulisimama mlangoni kama wageni wa msiba wasiojua pa kukaa, na Mama Karanga hakutuita. Alifungua chupa yake ya chai akajimiminia.

Wa kwanza kuingia alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, dada ambaye usiku huo alikuwa na mwenzake mmoja tu na wajawazito tisa. Alivua viatu vyake vya plastiki, akavipanga pembeni ya mkeka kama anayeingia nyumbani kwa mtu, akakaa chini akiwa ameegemea ukuta na miguu ameinyoosha. Hakumgusa mbwa. Karanga alimtazama, akasogea polepole kwa tumbo bila kuinuka, akaweka kidevu chake juu ya kifundo cha mguu wa yule dada, akashusha pumzi ndefu kupitia puani. Dada alisema neno moja, "Haya," kwa sauti ya mtu anayekubali kumpokelea mwenzake mzigo. Baada ya muda mfupi kichwa chake kilielemea upande, na tukagundua kwamba amelala. Sare yake ilikuwa na doa la ayodini begani na kalamu mbili mfukoni, moja haina kifuniko. Mbwa hakuondoa kidevu kwa muda wote huo, ingawa nzi alimtua sikioni mara mbili na sikio likawa linacheza lenyewe. Mshauri nasaha alisimama mlangoni kuzuia watu wasiingie. Dakika ishirini na mbili baadaye dada aliamka, akaangalia saa ya ukutani, akasema ana watoto wa kuwapeleka shule, akaondoka.

Ikiwa tathmini hii ingekuwa ya ziara hiyo moja, ningetoa nyota tano na kunyamaza.

Suala la najisi lilikuwa gumu zaidi, na ninaliandika kwa kirefu kwa sababu yeyote atakayeleta huduma hii Tanzania atakutana nalo siku ya kwanza. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa nchi hii wanayafuata, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtumishi anayetoka kumshika mbwa saa sita na robo, na adhuhuri inaingia baada ya muda mfupi, hana muda wa kufanya hivyo wala pa kuupatia huo udongo. Wenye huduma walilifahamu jambo hili kwa nadharia, lakini walikuja wakiwa wamejiandaa nusu. Mbwa hakulamba mtu, na kulikuwa na mstari wa chaki mita mbili kutoka kwenye mkeka ambao yeye hauvuki. Hayo yalikuwa mazuri. Kosa lilikuwa njia: katika ziara ya kwanza walimpitisha katika ukumbi unaopakana na chumba kidogo cha kuswalia, ambako mikeka ya swala ilikuwa imeanikwa juu ya ukingo. Mfamasia wetu, mzee mtaratibu, alitoka akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akasema kwa upole ule mkali wa watu wazima, "Bwana afya, wahenga walisema mchezea mbwa huingia naye msikitini. Nilidhani ni mfano tu."

Mama Karanga alimfuata mfamasia yule ofisini kwake siku hiyo hiyo, akamwamkia kwa heshima ingawa kwa umri hawapishani sana, akaomba radhi, na wakakaa wakapanga upya. Kuanzia ziara ya pili mbwa aliingilia lango la nyuma karibu na tanuri la taka, ratiba ikatangazwa siku tatu kabla ili asiyetaka kukutana naye ajue, na mchango wa shilingi elfu mbili ukawa wa hiari. Mfamasia hakuwahi kuvuka mstari wa chaki. Lakini katika ziara ya tatu alivuta kiti upande wake wa mstari, akafungua gazeti, akasoma mpaka mwisho wa kipindi, na alipoulizwa alijibu kwamba chumba kile ni chenye utulivu kuliko chumba chochote kituoni. Huduma inayompa faraja hata asiyetaka kuigusa imefanya kazi yake, nami naipa alama kamili katika kujirekebisha, ingawa kosa la kwanza lingeepukika kwa kumuuliza mlinzi wa getini swali moja.

Kuhusu usafi niliwakagua kama ninavyokagua mgahawa wa mama lishe, bila urafiki. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwepo, ina muhuri na tarehe, na hurudiwa kila mwaka. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya miezi mitatu, na hili halina mzaha, kwa kuwa minyoo ya mbwa humwingia binadamu na nchi yetu ya wafugaji inaifahamu. Mbwa huoshwa jioni ya kuamkia ziara, kucha zimekatwa, na nilipopekua manyoya ya nyuma ya masikio na katikati ya vidole sikuona kupe hata mmoja, jambo ambalo kwa mbwa wa Dodoma ni ushahidi wa bidii. Kila anayeingia hunawa mikono kwa sabuni na kila anayetoka hunawa tena. Mipaka yake ni ya wazi: haingii wodini, haingii chumba cha kujifungulia, kliniki ya kifua kikuu, chumba cha vidonda wala jikoni. Nilikuwa na malalamiko moja tu hapa. Bakuli lake la maji lilijazwa kwenye bomba tunalotumia kunawia, likawekwa palepale chini ya bomba, na ilinibidi nilihamishe mwenyewe. Ni jambo dogo, lakini bwana afya huishi kwa mambo madogo.

Sasa nilirudie swali la maabara: tutamhesabia nini? Kuna tafiti. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 249, wakaonesha kwamba waliokaa na mbwa na paka kwa dakika 10 tu, wakiwashika kwa mikono, walipungua kiwango cha kotiso, homoni ya msongo, katika mate yao kuliko waliotazama tu au waliosubiri foleni. Watafiti wa Japani nao waliwahi kueleza, mwaka 2015, kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana machoni homoni ya upendo wa mama na mtoto huongezeka kwa wote wawili. Nilimsomea mtumishi wa maabara matokeo hayo, akasikiliza kwa makini, kisha akauliza kotiso hiyo inabaki chini kwa muda gani mtu akirudi kwenye foleni ya wagonjwa mia mbili. Hapo sikuwa na la kumjibu isipokuwa lile nililoliona mwenyewe, kwamba siku ya ziara watu walikunywa chai wakiwa wamekaa.

Nina shaka yangu, na ninaiweka hapa kwa sababu haimhusu mbwa. Shirika la Afya Duniani, lilipoweka uchovu wa kazi katika uainishaji wake wa magonjwa mwaka 2019, liliueleza kuwa ni jambo la kazini, linalotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Muuguzi mmoja kwa wajawazito wanne na nusu hatibiwi na kidevu cha mbwa. Katika kikao cha tathmini baada ya ziara ya tatu, mmoja wa wakubwa wetu alipendekeza kwamba, kwa kuwa sasa tuna mbwa, mapumziko ya nusu saa ya zamu ya usiku yapunguzwe. Alisema kwa nia njema kabisa. Mama Karanga, ambaye alialikwa kutoa taarifa tu, alimjibu kwamba katika hali hiyo ataanza na kumpunguzia mbwa ziara, kwa sababu mbwa mwenyewe mapumziko yake ni saa ishirini na mbili kwa siku na haoni aibu.

Upande ambao huduma hii ilinikatisha tamaa ni ule wa kumfanya Karanga nembo hai ya wahudumu wa afya. Wazo lilikuja baada ya ziara ya tatu, na mwanzoni mimi mwenyewe nililishabikia. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 nchi nzima, na ndugu zetu hawa wa kutembea nyumba kwa nyumba wanahitaji kutambulika na kupokelewa. Waandaaji wa hafla moja ya uhamasishaji jijini wakaomba Karanga atembee mbele yao akiwa amevaa fulana. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao jua la Dodoma halina mpinzani, mvua bado ziko mbali na upepo unarusha vumbi jekundu hadi mdomoni. Ratiba ilisema saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa tano na nusu.

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema na kwa kiasi kidogo kupitia nyayo. Nilikuwa nimesimama mita tatu kutoka kwake, jirani na spika mbili kubwa kuliko friji, nikamwona anapiga miayo. Watu waliomzunguka wakacheka, wakasema Karanga ana usingizi, hotuba zimemchosha kama zinavyotuchosha sisi. Mama Karanga alikuwa amekwisha nifundisha kwamba mbwa anayepiga miayo mfululizo, anayelamba pua yake wakati hakuna chakula, anayegeuza uso huku weupe wa macho ukionekana pembeni, huyo anaomba kuondoka. Fulana ya kijani waliyomvika ilikuwa imembana makwapa. Mama Karanga alipoweka mgongo wa kiganja chake kwenye lami, kama afanyavyo kila mara, hakuweza kukiacha pale kwa sekunde saba, na hiyo ndiyo kanuni yake: mkono usipovumilia, nyayo hazitavumilia. Akamnyanyua mbwa wa kilo 24 kifuani kama mtoto mwenye homa, akapita katikati ya umati na kuondoka. Mwandaaji alimkimbilia akisema mgeni rasmi bado hajapiga picha. Sikusikia jibu lake, ila nilimwona mwandaaji akisimama ghafla.

Kulikuwa na hatari nyingine ambayo, kwa kazi yangu, niliipima kuwa kubwa zaidi. Watoto wapatao arobaini walimvamia Karanga kabla hotuba hazijaanza, wakamshika mkia, masikio na pua, naye alivumilia. Mtoto aliyemkumbatia Karanga leo atamkumbatia koko wa sokoni kesho. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza, karibu kila mara huua, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wanne kati ya kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Hafla ilikuwa na vipaza sauti vya kutosha kuamsha mji wote, lakini hakuna aliyevitumia kuwaambia watoto wale mambo matatu ya lazima: kwamba mbwa hashikwi bila mwenyewe kuruhusu, kwamba jeraha la meno ya mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na kwamba baada ya hapo ni kituo cha afya siku hiyo hiyo, si kesho na si kwa mganga wa pilipili. Nembo hai ilikuwepo, na somo lake halikuwepo.

Haki itendeke: wenye huduma walikubali lawama yao, kwa kuwa ni wao waliosaini kwenda. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na mateso, na Mama Karanga, aliyeitumikia sheria hiyo kazini, alisema mbele yetu kwamba siku ile aliivunja yeye. Tangu hapo wameandika masharti mapya ambayo nimeyasoma: hakuna hafla ya nje baada ya saa tatu asubuhi, hakuna fulana, hakuna spika, ziara mbili tu kwa juma, na watoto watatu kwa wakati mmoja baada ya kupewa somo. Wanakubali bado kazi ya nembo kwa jambo moja, nalo ni kampeni ya chanjo ya mbwa, kwa makubaliano kwamba Karanga anachanjwa hadharani, akiwa wa kwanza kwenye foleni, kisha anarudi garini. Nililiona hilo kabla hata ya hafla ile, Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, katika kata moja ya pembezoni. Bwana mifugo wa pale aliniambia kwamba wafugaji wa Kigogo, ambao mbwa kwao ni mlinzi wa zizi na si mtu wa kushikwashikwa, hufika kwa kusuasua kwa kuogopa mbwa wao kupigana au kudhoofishwa na dawa. Walipomwona huyu wa mjini anachomwa sindano bila hata kugeuza shingo, mzee mmoja mwenye mgolole na fimbo alisema kwa sauti, "Kumbe hata halii," akamvuta wa kwake kwa kamba ya katani mpaka mbele. Ili ugonjwa usienee inatakiwa mbwa saba kati ya kila kumi wachanjwe, na sijui mabango mangapi yangemleta mzee yule na mbwa wake.

Kwa anayefikiria kuwaita, nashauri yafuatayo kutokana na niliyoyaona. Tengeni chumba chenye milango miwili na sakafu inayopigwa deki, msitumie ukumbi. Wekeni ziara kwenye makabidhiano ya zamu ya asubuhi, kamwe si saa saba mchana. Ulizeni kwanza nani ana pumu au mzio wa manyoya, kwa kuwa kwetu alikuwepo mmoja na hakuna aliyemuuliza mpaka alipoanza kupiga chafya. Msimpe mbwa mabaki ya wali maharage, hata akiwatazama vile. Na mchango uwe wa hiari tangu mwanzo.

Kwa jumla ninawapa nyota nne kati ya tano kwa faraja, mbili kwa unembo, na tatu na nusu kwa thamani ya fedha, ambayo ingepanda kama wangekuwa na risiti za mashine badala ya karatasi ya daftari. Mguu wangu wa kushoto bado una makovu manne, na sitasema kwamba nimekuwa mpenzi wa mbwa. Katika ziara ya tano nilikaa kwenye mkeka kwa mara ya kwanza. Nilimshika mgongoni kwa kiganja kizima, nikahisi mbavu zikipanda na kushuka taratibu kuliko zangu, na nilipoondoa mkono nilikuta dakika kumi na mbili zimepita.

Ziara ya sita ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Gari lilifika saa moja na robo, mlango ukafunguliwa, na Karanga hakushuka. Mama Karanga hakumvuta kamba. Alichuchumaa mlangoni mwa gari, akasubiri, akamwita mara moja kwa sauti ya kawaida. Mbwa aliinua kichwa, akamtazama, akakilaza tena juu ya kiti. Sisi tulikuwa kumi na mmoja uwanjani, yule muuguzi wa wodi ya wazazi akiwa mbele na viatu vyake mkononi tayari. "Leo amekataa," Mama Karanga akatuambia, "na akikataa nampeleka nyumbani. Nisameheni sana, wanangu." Muuguzi akavaa viatu vyake, akasema, "Mwache apumzike, mama, hata sisi tungependa." Gari likageuka. Kabla halijafika barabara kuu, simu ya mhasibu wetu ililia: zile shilingi 120,000 zilikuwa zimerudi zote, na ada ya kutuma amelipa yeye.